Nyumba ya urithi Mikindani au kiwanja Mangamba? Naombeni ushauri

Nesi_Chuno

Wakuu habari za jioni, na shikamoo kwa wanaostahili.

Mimi ni muuguzi, kwetu Singida. Nilihamishiwa Mtwara nikija kwa kununa, sasa hata likizo nikienda kwetu natamani kurudi. Mume wangu ni fundi umeme, kazi zake za kuokoteza: leo Magomeni, kesho Naliendele, mara njia ya kiwanda cha saruji. Tuna watoto wawili. Tumepanga Chuno, na mwenye nyumba wetu hana ubaya wowote ila ikifika Januari anapandisha kodi kama vile kaagizwa. Choo tunachangia na wapangaji wa mbele, na ndoo yangu ya maji imekuwa ya kijiji. Nimechoka kupanga, basi.

Tumeonyeshwa nyumba Mikindani. Haipo barabarani, unaingia kichochoro unapanda kidogo kuelekea kilimani. Ni nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko la kuni, choo, na kisima cha mfuniko wa zege. Kuta za mbele ni za mawe ya zamani na chokaa, nene mpaka dirishani unaweza kukalia. Nyuma wameongeza kwa tofali za bloku. Bati limeshakuwa rangi ya mchuzi. Ukikaa barazani unaona maji ya ghuba na mitumbwi, na upepo ule, jamani! Uwanjani kuna minazi saba na mkorosho mmoja mkubwa pembeni.

Wanataka milioni 38. Dalali kaninong'oneza kwamba 33 watapokea.

Ni nyumba ya marehemu baba yao. Wanaouza ni kaka wawili, na wana dada yao kaolewa Msumbiji, upande wa Palma. Hati hakuna. Kuna karatasi ya mauziano ya mwaka 1987 imeandikwa kwa mkono, ina muhuri wa tawi la CCM, na bahasha ya stakabadhi za kodi za zamani zimeliwa na mende.

Upande wa pili kuna kiwanja Mangamba. Kimepimwa, mita 20 kwa 30, mawe ya mipaka nimeyaona kwa macho, mwenyewe ana hati, milioni 9. Juu yake kuna msingi tu wa vyumba viwili ambao mwenyewe aliuacha enzi zile za gesi.

Mume wangu anataka kiwanja. Anasema nyumba ya zamani ni kununua maradhi ya mtu. Mimi moyo uko Mikindani, siwezi kudanganya. Tuna akiba ya milioni 14, nyingine itakuwa mkopo wa mshahara, na mkopo wenyewe utanikata miaka 6.

Wenyeji wa Mikindani, maisha yakoje huko kwa mtu anayeingia zamu ya usiku? Na hiyo nyumba kisheria inanunulika? Msinionee haya.

---

Lindi_Kwetu

Dada karibu Lindi uachane na hao watu wa Mtwara. Mitwero huku viwanja bado vinashikika.

Utani kando. Nilikuwa Mtwara miaka ya 2012 na 2013, kila mtu alikuwa dalali. Ukiamka asubuhi kiwanja cha Mtawanya kimepanda, ukilala kimepanda tena. Watu wametoka Dar na mabegi ya hela kwa sababu ya gesi. Bomba likajengwa, likafika Dar 2015, wageni wakaondoka, na zile kuta bila bati mnazoziona leo ndizo hizo. Huo msingi wa Mangamba bila shaka ni wa wakati huo. Na sisi Lindi tunao mradi wa kwetu: tangu Likong'o itajwe kuwa ndiko mtambo wa LNG, ile gesi ya kimiminika, utakakojengwa, kuna watu wanashikilia bei za mwaka ambao haujafika.

Nataka kusema hivi, msinunue kwa ndoto ya mradi. Nunua kwa sababu utalala hapo. Kwa hilo Mikindani naielewa kuliko msingi wa mtu aliyekimbia.

---

Kodi_Juu

Kiwanja. Hakuna mjadala. Kimepimwa, kina hati, kesho ukitaka mkopo benki wanaishika kama dhamana. Hiyo karatasi ya 1987 utaifungia vitumbua.

---

Bi_Mikindani

Marahaba mwanangu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Newala, Mikindani nimekuja ukubwani nikanunua. Newala tumekulia kuteremka bondeni kufuata maji na kupanda nayo kichwani, kwa hiyo mtu akiniambia nyumba ina kisima uani masikio yanasimama. Onja hayo maji kwanza. Visima vya Mikindani vinatofautiana mlango kwa mlango: vya karibu na maji ya pwani vingi vina chumvi, vya kufulia na kuogea tu. Hivyo vya kupanda kilimani vina nafuu. Chota wakati wa kiangazi, Oktoba au Novemba, usionje Machi ambapo hata mtaro una maji matamu.

Sasa kabla hujauliza bei, kabla hujauliza hati, uliza nani anaangua nazi.

Nakueleza nilivyofanya mimi. Aliyeniuzia alikuwa mzee wa heshima zake, karatasi zimepangika, mjumbe anamfahamu, majirani wanamsifu. Sikuwa na wasiwasi naye. Lakini nikamtafuta mkwezi, yule kijana anayepanda minazi ya mtaa ule. Nikampata chini ya mnazi ananoa panga. Nikamuuliza, ukimaliza kuangua hapa nazi unampelekea nani? Akanionyesha kwa ncha ya panga: ile mitatu ya upande wa kisima nampelekea bibi wa nyumba ya pili, hii mingine naweka kwa mzee, mimi nachukua zangu za ujira. Alisema bila kufikiri, maana hana cha kuficha, ndiyo kazi yake.

Nikarudi kwa mzee. Wala hakubisha. Akasema minazi ile ilipandwa na mjomba wake, na yule bibi ni mtoto wa dada yake mjomba, hakujaliwa watoto, basi ukoo ukakubaliana ale nazi mpaka mwisho wake. Ardhi ya mzee, miti ya bibi. Kwenu Singida sijui mnafanyaje, huku hilo si jambo la ajabu: mtu anaweza kuwa na mnazi au mkorosho kwenye uwanja wa mwingine na kila mtu anajua isipokuwa mnunuzi. Hata fidia ya serikali inapolipwa, miti na mazao vinathaminiwa kivyake.

Tukakaa barazani, mzee, bibi, mjumbe na mimi. Tukahesabu mti kwa mti. Bibi akalipwa yake mkononi, akaweka dole gumba kwenye karatasi hiyohiyo ya mauziano, na minazi ikatajwa: mitatu upande wa kisima. Mpaka leo nikiangua namtumia nazi chache. Si deni, ni ujirani, na mimi napenda kuitwa harusini.

Hiyo minazi yako saba na huo mkorosho vina mtu anayekula. Wasikuambie "ni yetu sote." Mkorosho mkubwa huku si mti wa kivuli. Kuna mtu anaupulizia salfa Juni na Julai, kuna mtu anaokota kuanzia Septemba, na jina lake linafahamika kwenye chama cha msingi cha ushirika. Muulize huyo.

La pili. Huku kusini, sisi Wamakonde, na Wamakua, Wayao na Wamwera, asili ya ukoo wetu iko kwa mama. Mjomba ana neno. Pwani Uislamu umeingia zamani sana, na mirathi ya Kiislamu inagawa kwa watoto. Mahakama nayo ina utaratibu wake. Kwenye nyumba moja unaweza kukuta hesabu tatu za warithi na kila mmoja anaapia ile inayompa yeye. Wewe mgeni utaonyeshwa hesabu moja tu, ya waliokuja kukuuzia.

Kuhusu maisha. Mikindani ni mji mdogo wa zamani, watu wanajuana mpaka kikohozi. Yule mpelelezi Livingstone alipita hapa 1866, Boma la Wajerumani lipo tangu 1895 na sasa ni hoteli, wageni wanakuja wanapiga picha magofu yetu wanaondoka, sisi tunabaki na mbu. Mbu wapo, mikoko iko pale, usidanganywe na upepo. Maji ya bahari yakitoka utaona kina mama na fito zao wanafuata pweza, jioni wanapita mlangoni, hupati pweza wa namna hiyo Mtwara mjini kwa bei hiyo. Msimu wa mavuno ukiisha zinaanza ngoma za unyago, na ngoma hailali. Kama umetoka zamu ya usiku, pole yako. Daladala za Mtwara mchana ni nyingi, usiku zinapungua, uwe na bodaboda wako mmoja wa kuaminika mwenye simu isiyozimwa.

Mvua zetu ni msimu mmoja mrefu, Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi. Nenda ukaitazame hiyo nyumba mvua inaponyesha. Kile kichochoro ulichopanda kwa raha, maji ya kilimani nayo yanateremka humohumo.

---

Fundi_Linta

Shikamoo Bi Mikindani. Umesema yote ya watu, mimi niseme ya ukuta.

Dada, nenda kwenye ule upande wa bloku. Chagua sehemu ya chini, usawa wa goti. Kwangua plasta kwa ukucha. Ikitoka unga mweupe, weka ulimini. Ukisikia chumvi, ujue walijengea mchanga wa ufukweni kwa sababu ni wa bure. Ukuta wa namna hiyo utapaka rangi kila mwaka na kila mwaka itabanduka, na nondo za kwenye linta zinaliwa kimyakimya. Tazama juu ya milango: kama kuna ufa umelala sambamba na linta na una madoa ya kutu, nondo imeshavimba. Hapo unabomoa, hupaki.

Ule upande wa mawe ni habari nyingine. Wengi wanaogopa mawe wanakimbilia bloku, kumbe kinyume chake. Mawe ya matumbawe na chokaa yamekaa miaka mia na zaidi. Kinachoyaua ni sisi mafundi wa siku hizi, tunayapiga plasta ya saruji. Ukuta ule unapumua. Ukiufunika saruji unyevu unakosa pa kutokea, unajaa ndani, mwisho plasta inashuka kipande kama mkate na jiwe limeoza nyuma yake. Rekebisha kwa chokaa kama ilivyojengwa. Mafundi wa chokaa Mikindani bado wapo wachache, muulize Bi atakuonyesha.

Kama dari la mbele lina boriti za mikoko, chukua bisibisi, choma kila boriti pale inapoingia ukutani. Katikati patakudanganya, mchwa anaanzia kwenye ncha. Bisibisi ikiingia kama kwenye papai, hesabu hiyo boriti imekwenda.

Bati usilihesabu, huna bati hapo. Ukiezeka upya usichukue geji 30 kwa kuangalia bei, upepo wa bahari una chumvi, chukua nene zaidi, na kenchi zifungwe na ukuta kwa waya au chuma, zisikalishwe tu. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipokuja tuliambiwa tujihifadhi, Mtwara nzima ilifunga maduka. Kikapiga Msumbiji, sisi tukapona. Watu wakacheka wakasahau. Mimi tangu siku ile sijaezeka paa bila kulifunga.

Kwa macho yangu bila kuiona, hiyo nyumba ukiongeza bati, kenchi na kubomoa nyuma, usiweke chini ya milioni 12 juu ya bei ya kununulia. Kwa hiyo 33 si 33.

---

Karani_Mstaafu

Nimefanya kazi ya mahakama muda mrefu, nitasema ya upande huo.

Hao kaka wawili hawana uwezo wa kukuuzia, hata wakija na baba mchungaji na shehe pamoja. Mali ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi. Familia inakaa kikao, inaandika muhtasari, inapendekeza mtu, wanakwenda Mahakama ya Mwanzo, linabandikwa tangazo, asiyekubali anaweka pingamizi. Akishateuliwa anapewa fomu namba 4. Hiyo ndiyo unayodai. Msimamizi anatakiwa ndani ya miezi 4 awasilishe orodha ya mali na hesabu, kwa hiyo uliza pia kama nyumba imo kwenye orodha, maana kuna wanaoisahau makusudi.

Dada wa Palma ni mrithi. Kwa hesabu ya Kiislamu, watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja, yeye ana fungu moja katika matano. Lakini nimesoma bandiko lako mara mbili, sijaona mama yao. Kama mjane yupo, ana thumni yake, yaani moja ya nane, kwanza kabla ya watoto kugusa kitu. Na kama nyumba ilipatikana wakiwa kwenye ndoa, anaweza kuwa na haki zaidi ya hiyo. Mama yuko wapi?

Mengine kwa kifupi. Nyumba haina hati, ila nenda ofisi ya ardhi ya manispaa na ramani ya mkononi, uliza eneo hilo limepangwa kuwa nini na kama urasimishaji umefika mtaa huo. Kipimo cha bahari: sheria ya mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, wewe uko mlimani utakuwa salama lakini pima. Barabara kuu ya Lindi hifadhi yake ni mita 30 kutoka katikati kila upande. Kama kuna nyumba ya jirani ina alama ya X, tazama rangi. Ya kijani atalipwa fidia, nyekundu hana lake.

Hata kile kiwanja cha Mangamba usikimbilie. Hati kuwepo mkononi haitoshi. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue kama hakuna mkopo juu yake, dai stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, na kama muuzaji ana ndoa mwenzake asaini. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na msingi wa vyumba viwili mwanasheria mzuri anaweza kuuita nyumba.

---

Nesi_Chuno

Asanteni sana wote. Fundi, nimeramba ukuta. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini, kisha naye akaramba. Una chumvi.

Bi Mikindani, nilikwenda peke yangu bila dalali. Mkwezi nilimkuta kwa jirani, nikamnunulia soda, nikauliza kama ulivyosema. Akajibu palepale: yote saba pesa yake naipeleka Msijute kwa mama. Mama gani? Mama yao.

Karani, huyo hapo mama yako. Yupo, mzima, anaishi Msijute kwa mdogo wake. Nilipompigia dalali akaniambia "ah, yule ni mzee, hana neno." Nikaomba namba ya mjomba, dalali akakata simu.

Tukaenda Msijute Jumapili mimi na mume wangu. Tulikuta mama anamenya ming'oko, ile mizizi ya porini, akatutengea tukala. Ni mtu mpole lakini si mtu wa kudanganywa. Anajua nyumba ina wateja, yeye aliambiwa ni wapangaji. Hakupandisha sauti. Alinyamaza kidogo, akamwita mdogo wake aje asikie nilichosema, akaniomba nirudie. Nikarudia. Yule mjomba akauliza tu bei waliyotaja ni ngapi. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema watoto hawajui hata kuuza.

Kumbe mama hakatai kuuza. Anasema nyumba kubwa imemshinda, na watoto hakuna anayerudi. Anachotaka ni jina la binti yake wa Palma lisirukwe, na huo mkorosho. Mkorosho aliupanda yeye alipojifungua mtoto wa kwanza, anataka aendelee kuokota msimu huu na ujao. Mume wangu, yeye aliyekuwa wa kiwanja, ndiye aliyesema hakuna shida.

Swali langu ni moja: huo mkorosho tuuandikeje?

---

Bi_Mikindani

Sasa umeshanunua nusu, mwanangu.

Andikeni hivi kwenye mkataba wenyewe, msifanye karatasi ya pembeni: mkorosho mmoja ulio upande fulani wa uwanja unabaki mali ya mama, jina lake kamili, mpaka mwisho wa msimu wa mwaka fulani, na atakuwa na ruhusa ya kuingia kupulizia, kupalilia na kuokota. Baada ya hapo ni wenu bila malipo mengine. Taja mwaka kwa tarakimu. Ukisema "msimu ujao" utakuja kubishana na wajukuu. Na mabibo, yale matunda ya mkorosho, ni ya nani, semeni pia, usicheke, harufu yake itaingia chumbani kwako na watoto watakuja kuyafuata.

Mjomba asaini kama shahidi. Kisheria Karani atasema si lazima. Asaini.

Na bei mpange upya na mama na mjomba mkikaa pamoja, usirudi kwa dalali kujadili. Yeye mlipeni cha kuwaonyesha njia, alionyesha.

---

Karani_Mstaafu

Si lazima, lakini asaini. Hapo tuko pamoja na Bi.

Msilipe hata shilingi kabla ya fomu namba 4. Wakisema wanahitaji nauli ya kwenda mahakamani, wapeni nauli na muandikishiane kuwa ni nauli. Binti wa Palma kama hawezi kuvuka, atoe ridhaa ya maandishi mbele ya mamlaka ya huko alipo na ije na nakala ya kitambulisho chake. Bora zaidi avuke, kikao cha familia kikimkuta hapa mnamaliza maneno yote siku moja.

Mkishakabidhiana, badilisheni na jina la mita ya umeme ya LUKU. Kodi ya jengo siku hizi inakatwa humo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na muangalie kama mita haina deni la nyuma.

---

Kodi_Juu

Mimi bado kiwanja. Ila hongereni.

---

Nesi_Chuno

Taarifa fupi kwa waliokuwa wananiuliza inbox. Kikao cha familia kimekaa, binti wa Palma alikuja, kapendekezwa kaka mdogo kuwa msimamizi na tangazo limebandikwa mahakamani. Bei tumeafikiana milioni 29 kwa sababu ya ule upande wa bloku. Fundi, nilimwonyesha mjomba unga mweupe na yeye akaramba. Mwenye kiwanja cha Mangamba tumemwambia asitusubiri.

Dalali amenuna. Mwenye nyumba wa Chuno bado sijamwambia, Januari haijafika.

Fundi, unaweza kuja kutazama boriti mwisho wa wiki? Nauli na chakula juu yetu.

---

Fundi_Linta

Nitakuja Jumapili asubuhi kabla bati halijawaka. Bisibisi ninayo. Ngazi tafuteni nyie, yangu iko kwa mtu Ligula na hapokei simu.